Mawe ya Dakta Wilson: kilo 16 zilizokutwa kwenye sleji ya wafu

Tarehe 12 Novemba 1912, kwenye uwanda wa barafu wa Antaktika usio na mti wala jabali, Charles Wright aliona upande wake wa kulia kitu mfano wa kichuguu cha theluji. Akakisogelea, wenzake wakafukua, na chini yake kulikuwa na hema. Ndani mlikuwa na watu watatu waliokufa tangu mwezi Machi wakirudi kutoka Ncha ya Kusini: Kapteni Robert Falcon Scott katikati, Dakta Edward Wilson ubavu mmoja na Luteni Henry Bowers ubavu wa pili. Kikosi cha utafutaji kilichukua shajara na barua zao, kikaondoa nguzo hema likawafunika palepale walipolala, kikarundika theluji juu yake na kusimika msalaba uliotengenezwa kwa skii. Kisha kikafukua sleji.

Kwenye sleji kulikuwa na mawe. Ratili 35 za mawe, yaani karibu kilo 16.

Kiongozi wa kikosi, Dakta Edward Atkinson, aliandika kwamba marehemu waliyashikilia mawe hayo mpaka mwisho kwa ombi la Wilson, ingawa walijua fika kuwa ni uzito wa ziada. Mnorwe aliyekuwamo kikosini, Tryggve Gran, aliona wangeweza angalau kujipunguzia mzigo huo. Tangu hapo mjadala haujaisha. Mtu anakufa kwa njaa na baridi, halafu anaburuta mawe?

Swali ni la haki, na kwa kawaida hujibiwa haraka mno, ama kwa kucheka au kwa machozi. Wanaocheka husema ndiyo akili za Waingereza wa enzi zile. Wanaolia husema ni ushujaa wa kisayansi usio na mfano. Mimi naona pande zote mbili zinachanganya mambo mawili yaliyotendeka kwa siku mbili tofauti, siku 38 kati yake, na watu waliofanya uamuzi wa kwanza hawakuwa na hali moja na waliofanya wa pili.

Kwanza njia yenyewe, kwa ufupi, maana imesimuliwa mara nyingi. Scott aliondoka Cape Evans, kambi yake ya pwani, tarehe 1 Novemba 1911 kwenda Ncha ya Kusini: takriban kilomita 2,800 kwenda na kurudi, sehemu kubwa wakivuta sleji kwa mikanda iliyofungwa viunoni. Tarehe 17 Januari 1912 walifika watu watano, Scott, Wilson, Bowers, Kapteni Lawrence Oates na Edgar Evans, wakakuta alama za Mnorwe Roald Amundsen, aliyefika na mbwa wake tangu tarehe 14 Desemba. Wakageuka. Huko nyuma walikotoka kulikuwa na uwanda wa juu wenye upepo usiolala, halafu mto wa barafu wa Beardmore wa kuteremka kwa karibu kilomita 200, halafu tena uwanda mrefu wa barafu hadi pwani.

Tarehe 8 Februari walikuwa wameanza kuteremka Beardmore.

Nusu siku juani

Asubuhi hiyo upepo ulikuwa mbaya. Walipofika chini ya Mlima Buckley, pembeni mwa mto wa barafu, upepo ukakatika na jua likawaka. Mbele yao kulikuwa na kuta za mawe ya mchanga zilizosimama wima, na ndani ya kuta hizo, mistari myeusi. Makaa ya mawe. Scott akaamuru wapige kambi, siku iliyobaki iwe ya kuchunguza miamba.

Ukisoma shajara yake ya siku ile unaona mtu aliyepumua. Walikuwa na wiki 14 wakikanyaga theluji na barafu tu. Sasa walikanyaga mwamba, wakaweza kukaa nje ya hema na kuota jua. Scott alilinganisha hali ile na kushuka pwani baada ya safari ya bahari, na yeyote aliyewahi kuteremka jahazini akihisi ardhi bado inayumba chini ya miguu ataielewa furaha hiyo bila kufafanuliwa.

Wilson alikuwa akitembea na macho chini. Alikuwa tabibu kwa kisomo, mchoraji kwa kipaji, mkuu wa wanasayansi wa msafara kwa cheo, na wakati ule alikuwa na umri wa miaka 39. Alichokota mawe yenye alama za mimea: vigogo vilivyohifadhiwa hata chembe zake kuonekana, na kipande cha makaa chenye majani yaliyopangana tabaka juu ya tabaka, mishipa yake imechorwa waziwazi kana kwamba yameanguka wiki iliyopita. Kesho yake, tarehe 9, walisimama tena ukingoni mwa mlima uleule na Wilson akapata kingine kizuri. Jioni Scott alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa kuandika maelezo ya miamba.

Hapo ndipo mawe yalipopanda sleji.

Sasa tupime gharama. Watu hukazania kilo, na kilo ndizo za mwisho kunitia wasiwasi. Kilo 16 ni pungufu ya ndoo ya lita ishirini ikiwa imejaa maji. Mpagazi wa Kilimanjaro anaruhusiwa kilo 20 za mzigo, na anapanda nazo mgongoni. Hawa hawakubeba, waliburuta. Kitu kinachoteleza juu ya theluji hakidai nguvu sawa na uzito wake, kinadai sehemu yake tu. Gawa kwa watu watano, ni kilo tatu na kidogo kwa kichwa. Najua, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ninaandika haya nikiwa nimeketi kwenye joto. Lakini hesabu ni hesabu.

Gharama ya kweli ilikuwa muda. Evans alikuwa ameumia mkono na siku chache nyuma alikuwa ametumbukia kwenye ufa wa barafu, na wenzake walianza kuona kwamba hayuko sawa kichwani. Vidole vya miguu vya Oates vilikuwa vinageuka rangi. Chakula kilikuwa kimepimwa kwa siku: kila siku ya kuchelewa ililiwa kutoka kwenye mfuko wa siku inayofuata. Na tazama kilichotokea baada ya mawe: tarehe 11 walipotea njia kwenye vurugu ya nyufa katikati ya mto wa barafu, tarehe 12 wakalala wamebakiwa na mlo mmoja, na tarehe 13 ndipo walipoliona ghala lao la chakula. Mlo mmoja! Anayeshtaki ile nusu siku ya Mlima Buckley ashike hapa, maana hapa ndipo pana ushahidi. Wangefika kwenye nyufa zile na akiba zaidi kidogo mkononi.

Utetezi nao upo. Watu wale walihitaji kupumzika, na nusu siku ya jua bila upepo haikuwa jambo la kuchezea. Tena hakuna kati yao aliyejua kwamba mwezi Machi ungekuja na baridi ya namna ile. Kwa walichokijua tarehe 8, walikuwa wanarudi nyumbani, wamechelewa kidogo, wamekonda, lakini wanarudi. Uamuzi wa siku ile ni wa watu wanaotarajia kuishi, na kwa kipimo hicho nauona ulikuwa na hatari lakini haukuwa wa kipumbavu.

Nini kiliwaua

Evans alikufa tarehe 17 Februari, chini ya Beardmore. Waliobaki wakaingia kwenye uwanda wa barafu, na huko mambo yakaharibika kwa sababu ambazo hazina uhusiano na jiwe hata moja.

Mafuta ya taa yalikuwa pungufu katika kila ghala walilofikia. Yalikuwa yakitoroka kwenye vifuniko vya makopo, ambavyo vipete vyake vya ngozi havikuhimili baridi. Bila mafuta huwezi kuyeyusha theluji, na bila theluji iliyoyeyuka huna maji ya kunywa wala uji wa nyama. Baridi ilishuka usiku hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Theluji ikiwa baridi kiasi hicho haitelezi tena: ule utando mwembamba wa maji unaotokea chini ya sleji haupatikani, na punje za theluji zinakwaruza kama mchanga. Scott mwenyewe aliifananisha na mchanga wa jangwani. Hapo, nakubali, kila kilo ilianza kuuma.

Halafu kuna lile ghala la akiba lililoitwa ghala la tani moja, ambalo kwangu ndilo kiini cha kesi nzima. Mwezi Februari 1911, mwaka mzima kabla, Scott alikusudia kuliweka kwenye latitudo ya nyuzi 80. Farasi wadogo waliokuwa wakivuta mizigo walikuwa hoi. Oates, ambaye ndiye alikuwa msimamizi wa farasi, alishauri wasukume mbele hata kama wanyama watakufa njiani, nyama yao ihifadhiwe. Scott hakuwa na moyo wa kuwatesa zaidi. Wakalishusha ghala kwenye nyuzi 79 na dakika 29, karibu kilomita 57 pungufu ya palipokusudiwa. Hema la mwisho lilikutwa kilomita 20 hivi kusini mwa ghala hilo. Ukipiga hesabu, lingewekwa palipopangwa, wangekuwa wameshalipita. Kama wangeokoka ni suala jingine, kwani kutoka hapo hadi kibanda chao cha pwani kulibaki zaidi ya kilomita 200, lakini wangelala wameshiba.

Ongeza maagizo ya Scott kuhusu mbwa, yaliyobadilishwa mara kwa mara hadi yakachanganya kila mtu. Apsley Cherry-Garrard, mmoja wa wasafiri waliobaki nyuma, alifika kwenye ghala lilelile na mbwa mwanzoni mwa Machi 1912, akangoja karibu wiki nzima, akaondoka tarehe 10. Scott na wenzake walikuwa bado kusini, wakijikokota. Cherry-Garrard aliishi na jambo hilo maisha yake yote.

Mtu akishapanga haya yote kwenye mizani, halafu aweke na kilo 16, ataona mizani haitikisiki sana.

Uamuzi wa pili

Lakini kuna ile siku ya pili, na kwa mshangao wangu wanaobishana juu ya mawe huiruka.

Katikati ya Machi Oates, miguu ikiwa imeoza kwa baridi, alitoka hemani kwenye dhoruba asirudi. Tarehe 17 Machi Scott aliandika habari hiyo, na chini yake akaorodhesha vitu wanavyoviacha hapo ili kupunguza uzito: theodolaiti yao, yaani chombo cha kupimia mahali walipo, kamera, na mfuko wa kulalia wa Oates. Kisha akaandika kwamba shajara na vielelezo vya jiolojia, vinavyobebwa kwa ombi maalumu la Wilson, vitakutwa pamoja nao au kwenye sleji.

Rudia kusoma. Vitakutwa.

Kwa hiyo hawakusahau kuyashusha mawe, wala akili hazikuwa zimewaruka. Walikaa, wakachambua mizigo kitu kwa kitu, wakatupa chombo cha thamani kuliko vyote walichokuwa nacho cha kujua wako wapi, wakabakiza mawe, na wakamwandikia atakayewakuta mahali pa kuyatafuta. Mtu anayetarajia kufika haandiki hivyo. Tarehe 8 Februari mawe yalikuwa kazi ya kisayansi ya watu wanaorudi nyumbani. Tarehe 17 Machi yalikuwa wosia. Huwezi kuuhukumu wosia kwa kuuliza kama ulimwongezea marehemu siku za kuishi.

Na ni Wilson aliyeomba. Scott alikuwa na habari ya kuandika, ya kushindwa kwa heshima, na aliiandika vizuri mno. Uingereza nzima ililia. Wilson hakuwa na habari. Alikuwa na majani.

Jani lenye umbo la ulimi

Kwa nini majani? Nusu ya jibu iko Vienna. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanajiolojia Eduard Suess aligundua kwamba jani moja la kale, Glossopteris, lenye umbo la ulimi na mshipa mnene katikati, linapatikana kwenye miamba ya makaa ya India, ya Afrika ya kusini na ya Amerika ya Kusini. Mti haukuogelea kutoka bara hadi bara, na mbegu zake hazikuwa za kupeperushwa kuvuka bahari. Akapendekeza kwamba zamani nchi hizo ziliungana, akaliita bara hilo Gondwana, kwa jina la eneo moja la India. Swali likabaki: kwenye ramani, katikati ya vipande hivyo vyote, liko bara jeupe ambalo hakuna ajuaye lina nini chini yake.

Wasafiri walikuwa wameshaanza kugusa jibu. Katika msafara wa kwanza wa Scott, 1901 hadi 1904, Hartley Ferrar aliokota mabaki ya mimea, lakini yalikuwa yameungua kiasi kwamba wataalamu wa wakati ule hawakuweza kuyatambua. Mwaka 1908 Frank Wild, akiwa na Ernest Shackleton, aliona makaa ya mawe kwenye Beardmore. Na huko Manchester, mtaalamu kijana wa mimea ya kale alimfuata Scott kwenye mhadhara wa kuchangisha fedha, akaomba aende naye kutafuta jani hilo. Scott hakumchukua, ila alimwahidi kumletea vielelezo. Mtaalamu huyo alikuwa Marie Stopes, jina ambalo Tanzania, Kenya na Uganda wengi wanalijua kwa kliniki za uzazi wa mpango, wala hawajawahi kusikia kwamba alianzia kwenye makaa ya mawe.

Kwa maneno mengine, Wilson pale chini ya ukuta hakuwa anaokota kokoto za kupamba sebule. Alikuwa na kitendawili kichwani na jibu mkononi.

Mawe yalirudi na meli Terra Nova, iliyotia nanga Cardiff mwezi Juni 1913. Albert Seward wa Cambridge aliyachunguza, na mwaka 1914 akachapisha matokeo: Glossopteris. Antaktika ilikuwa na misitu, na ilikuwa kipande cha Gondwana.

Hapa lazima nimzuie mtu anayetaka kukimbia mbele. Huandikwa sana kwamba mawe ya Wilson "yalithibitisha" kwamba mabara yanatembea. Hapana. Yalithibitisha kwamba mabara yaliungana. Jinsi yalivyoachana ilikuwa kesi nyingine. Wakati huo wengi waliamini kwamba madaraja makubwa ya nchi kavu yalizama baharini. Aliyesema mabara yenyewe yamesogea ni Mjerumani Alfred Wegener, na alilisema hadharani mara ya kwanza mjini Frankfurt tarehe 6 Januari 1912, siku ambayo Scott na wenzake walikuwa juu ya uwanda wakivuta sleji, siku 11 kabla ya kufika Nchani. Wegener naye alikuwa msafiri wa barafu, na barafu ya Greenland ndiyo iliyomchukua mwaka 1930, akiwa bado anachekwa na wanajiolojia wengi. Hoja yake ilikuja kukubalika miaka ya 1960. Mwaka 1969, kwenye safu hiyohiyo ya milima ya Antaktika, yalipatikana mabaki ya Lystrosaurus, mnyama mnene wa nchi kavu aliyejulikana tayari Afrika ya kusini na India. Mnyama wa namna ile hakuvuka bahari kwa miguu.

Kwa uaminifu niseme pia kwamba si kila mzigo wa Wilson ulilipa. Katika majira ya baridi ya 1911 yeye, Bowers na Cherry-Garrard walitembea gizani wiki tano kwenda Cape Crozier kufuata mayai ya ngwini, kwenye baridi iliyofika nyuzi 60 chini ya sifuri, meno ya Cherry-Garrard yakipasuka kwa kutetemeka. Walirudi na mayai matatu. Ripoti ya mayai hayo ilitoka 1934 na haikuwa na jipya la maana. Mtu yuleyule, ari ileile. Mayai yakatoka patupu, mawe yakatoka na bara zima. Wakati wa kubeba, hakuna kati yao aliyeweza kujua lipi ni lipi.

Mchango uliotolewa na wananchi kwa ajili ya kuwakumbuka Scott na wenzake ulisaidia kuanzisha, mwaka 1920, taasisi ya utafiti wa ncha za dunia huko Cambridge, chini ya Frank Debenham, mmoja wa wanajiolojia wa msafara ule. Mawe yenyewe yako kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili, London.

Majani ya jamii ileile yapo pia kwetu. Miamba ya makaa ya bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, imo kwenye familia moja na ule ukuta wa Mlima Buckley: Mchuchuma iliyoko Ludewa na Ngaka iliyoko Mbinga, na vilevile, nje ya bonde hilo upande wa magharibi, Kiwira. Ni mabaki ya misitu ya kinamasi ya bara moja, iliyozikwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Makaa ya Antaktika hayaguswi. Itifaki iliyotiwa saini Madrid mwaka 1991 inakataza uchimbaji wa madini bara zima. Ya Ngaka yanapakiwa kwenye malori, yanafunikwa turubai na kuteremshwa bandari ya Mtwara, na vumbi lake jeusi linatanda kwenye majani ya mikorosho kando ya barabara.